Mizani ya Mwaloni

Wa kwanza kumpima ni mimi, kabla ya daktari yeyote wa pambano.
Mwaloni Kirumba, alfajiri, mizani ileile ya sangara,
akapanda na kaptula iliyolowa, magamba yamemganda magotini:
hamsini na saba na robo.
"Toa robo," nikamwambia, "hiyo ni barafu mfukoni."
Akacheka. Luhende wa Igogo, mbeba matenga,
enzi hizo ana meno yote.

Sikumwandika kwenye daftari la kampuni.
Nilimwandika kwenye langu, lililochanika jalada,
na humo yumo mpaka leo:
Nyamagana, raundi ya nne, mtu wa Shinyanga aliketi chini mwenyewe.
Musoma, kwa pointi, waamuzi wawili kati ya watatu.
Bukoba nilipanda meli na dawa zangu za sukari na chapati sita,
nikaiona ile ya kushoto ikitoka chini, chini kabisa,
chapati ya tano ikanikwama kooni.

Halafu mkanda.
Usiku ule wauza dagaa walipiga masufuria hadi Mabatini,
na mimi, mtu mwenye wajukuu,
nilitembea hadi Igogo nimebeba kiatu chake kimoja kichwani.
Cha pili sijui alikibeba nani.

Nani angeuliza habari za mkataba siku kama ile?
Kurasa kumi na moja za Kiingereza.
Alisaini juu ya boneti ya gari,
promota kamshikia kifuniko cha kalamu.
Baadaye nikamwomba anisomee, maana kupima ndiyo kazi yangu:
thelathini kwa mia za promota,
kumi za mwalimu (hizo sina neno, mwalimu alimlea),
kisha "maandalizi", kisha "usafiri", kisha "mengineyo".
Mengineyo, jamani, yalikuwa mazito kuliko mkanda.
Nikamwambia, huyu samaki minofu imeshaondoka,
wewe umeachiwa mapanki.
"Mzee Bugalama," akasema, "niache nipigane. Hesabu zitakuja."

Zikaja.
Mitumbwi mitatu yenye injini. Baa kule Nyakato,
amechorwa ukutani, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.
Kisha mabondo, wakati kila mwenye shati safi alikuwa tajiri wa mabondo.

Jumanne moja akaegesha gari juu ya nyavu za watu.
Mizani hakuipanda. Aliizunguka.
"Kilo mbili tu kila tenga," akasema taratibu. "Nani ataona?"
Na wavuvi, huku wakimshushia mzigo,
wanaimba jina lake.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa.
Nilikataa siku ya nne.
Zile tatu zimo daftarini kwa wino mwekundu:
matenga mia moja na kumi na sita, zidisha kwa mbili.
Ni Luhende wanne wa alfajiri ile,
na chenji ya kilo nne.

Bei ya mabondo ilipodondoka, haikumngoja ahesabiwe hadi kumi.
Mitumbwi ikafuata. Baa sasa inauza magodoro,
ule mkono mrefu bado unachungulia juu ya mlango.
Mkanda, nasikia, uko kwa mkopeshaji mtaa wa Rufiji,
umefungwa kwa gazeti.

Juzi usiku alikuja kwa miguu.
Amepata pambano, wanataka sitini na moja.
Akavua viatu, akapanda.
Akashuka, akavua saa. Akapanda.
Akavua cheni, akaishika ngumini, akakumbuka, akanipa mimi.
Sitini na tisa na nusu.
"Irekebishe," akasema, akajaribu kucheka.
"Nilishairekebisha," nikasema, "kwa ajili yako."

Tukakaa kimya, jenereta la barafu likikohoa.
Kisha akaniuliza kama wajukuu hawajambo.

Tiketi nimenunua. Ya nyuma kabisa, karibu na choo.
Nikikaa mbele ataniona,
nami nitaanza kuhesabu.